Maua ya Kikuba Yamehama Mbele ya Nyumba

Katika arusi moja mjini Mombasa, wanawake walikaa kumtungia bibi arusi vikuba, wakakuta nyumba haina hata ua moja la kutunga. Si kwamba uwanja wa mbele ulikuwa mtupu. Ulikuwa umetandazwa kabro kutoka mlangoni hadi njiani, na ukutani bogenvilia ikiwaka rangi tatu. Lakini bogenvilia hainukii. Tena hicho unachokiona chekundu si ua, ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kidogo cheupe kilichojificha katikati. Basi akatumwa kijana sokoni kununua asumini, kwa bei ya mwenye haja.

Siku hizi anayetaka kutengeneza upya mbele ya nyumba yake huuliza kwanza rangi. Wazee wa pwani waliuliza mambo mawili mengine: mmea huu utanifaa kwa nini, na maji yake yatatoka wapi?

Tuanze na mwasumini, maana ndio uti wa kikuba. Maua yake hufunguka jioni, kwa hiyo upandwe karibu na baraza au chini ya dirisha, si kule pembeni pa lango ambapo harufu inawafaidi wapita njia tu. Huzaa katika vichipukizi vipya. Mwenye kuuonea huruma asiukate hupata majani matupu. Wataka jua, na wataka maji matamu, na hapo ndipo penye taabu, kwa kuwa visima vingi vya kisiwani ni vya chumvi na mfereji hauaminiki. Dawa yake iko mlangoni: maji ya udhu. Hayana sabuni, nayo humwagika mara tano kwa siku. Chimba mfereji mdogo uyaelekeze shinani, na mwasumini wako hautajua kiangazi.

Mhina hauna makuu. Hustahimili ukame, na kijiti chake kikichomekwa wakati wa mvua huota. Ukipandwa kwa safu hufanya ua mzuri wa kuzungushia uwanja, na majani ya Idi na ya arusi yanapatikana nyumbani. Ila matawi yake makuukuu yana miiba. Usiupande ukingoni mwa njia ya watu, kwani kuwaondolea watu udhia njiani ni jambo tulilofunzwa tangu chuoni. Mrihani nao upewe kipande chenye jua karibu na mlango wa jikoni. Kata vishada vyake kabla havijafanya mbegu, utakaa nao muda mrefu zaidi.

Ama mlangilangi, hapa nina ungamo. Niliupanda hatua tatu kutoka ukutani, nikidhani ni kijiti cha bustani. Ni mti mkubwa, unaweza kupita paa la ghorofa mbili, na maua yakawa juu huko kwa kunguru. Wenzetu wa Ngazija na Anzuani, ambao mafuta yake ni biashara yao kubwa, huukata kichwa ukingali mchanga na kuyainamisha matawi, hata mchumaji huyafikia akiwa amesimama chini. Asiyekuwa tayari kushika panga kila mwaka na aache.

Kuna na olianda, yenye maua ya rangi ya waridi, inayouzwa sana kwenye vitalu kwa sababu haiogopi jua wala upepo wa bahari. Ni sumu, kuanzia jani hadi ua. Nyumba yenye watoto wanaotia kila kitu mdomoni, au mbuzi wa kuchinja Idi, haina haja nayo.

Mmea ninaousikitikia zaidi ni mkilua. Ni kichaka cha misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, hakikui sana, na ua lake hunukia hata likinyauka. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt, wa bustani ya Kew huko Uingereza, aliuandika katika jenasi yake peke yake, akaipa jina lile lile la Kiswahili: Mkilua fragrans. Wataalamu wa dunia nzima huutaja kwa neno letu, na vijana wetu wengi hawajapata kuuona.

Usiende kuung'oa msituni, sembuse katika kaya za Wamijikenda, ambazo UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 2008. Muombe mbegu au mche mwenye mti nyumbani, bado wapo. Kwa kuwa umezoea kivuli cha miti mikubwa, upe upande wa ukuta usiopigwa na jua la alasiri wala upepo wa kusi. Ardhi yetu ni jiwe la matumbawe, basi toa kabro nne au tano, chimba dhiraa moja kwenda chini, tandika makumbi ya nazi yashike unyevu, kisha jaza udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza na majani makavu. Fanya hivyo mwishoni mwa Machi, masika yakukute umekwisha kupanda.