Zimwi linaposema Kiswahili

Kijana wa mtaa wa Migosi, mjini Kisumu, anapocheza Resident Evil 5, humwelewa adui wake upesi kuliko kijana wa London au Tokyo. Kundi linalomjia kwa mapanga na mashoka linapiga kelele kwa Kiswahili, na jina lake, Majini, limechotwa kwenye lugha hiyo hiyo.

Mchezo huo wa video ulitolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 2009. Shujaa wake, Chris Redfield, ni Mzungu wa Marekani anayetumwa Kijuju, mahali pa kubuni Afrika Magharibi (ambako, kwa hakika, Kiswahili si lugha ya sokoni), na huko huwapiga risasi watu weusi walioambukizwa vimelea. Tangazo lake la mwaka 2007 lilizua ghadhabu. Mwandishi wa Marekani N'Gai Croal alilalamika kuwa wenyeji walionyeshwa kuwa watu wa kuogofya hata kabla ya kuambukizwa.

Watetezi walijibu kwamba katika mchezo uliotangulia, wa mwaka 2005, waliouawa walikuwa wanavijiji wa Uhispania, na hakuna aliyenung'unika. Hoja hiyo ni dhaifu. Wahispania hawajachorwa karne nzima kama wanyama ili kuhalalisha kutawaliwa kwao.

Ajabu ni kwamba zombi mwenyewe alizaliwa katika hofu ya Mwafrika. Huko Haiti, ambako Wafaransa waliwatumikisha watumwa katika mashamba ya miwa, zombi alikuwa maiti aliyefufuliwa na mchawi ili aendelee kufanya kazi bila ujira: utumwa usiokoma hata kaburini. Majeshi ya Marekani yaliikalia Haiti kuanzia 1915 hadi 1934, na katika kipindi hicho, mwaka 1932, ikatoka filamu ya White Zombie. Hofu ikageuzwa: aliyestahili kuhurumiwa sasa ni bibi Mzungu aliyerogwa.

Wajaluo wa kando ya Ziwa Victoria wana mizimu yao, nyawawa, inayosemekana kupita usiku kwa kishindo. Watu hugonga mabati, milango na sufuria, boma moja likipokezana na jingine, hadi wageni hao waelekee ziwani. Hakuna anayeuliza rangi yao, wala hakuna anayefyatua risasi.