Pua Isiyojali Chuma

Kifaa cha kutambua chuma kina tatizo moja kubwa: kinasikia mno. Palipopiganwa vita, ardhi imejaa maganda ya risasi, misumari, vizibo vya soda na vipande vya bati, na kifaa hulilia kila kimoja. Mteguaji haruhusiwi kukisia. Kila kikilia hupiga magoti, akachokoa udongo kwa mshazari, taratibu, hadi akione kilichomo. Mara nyingi ni msumari. Isitoshe, mabomu mengi ya kutegwa ardhini yana gamba la plastiki na chuma kidogo tu. Ukikipunguzia kifaa makali ili kisikusumbue, waweza kulipita bomu lenyewe.

Lakini bomu bila kilipuzi si bomu, na kilipuzi kama TNT kina harufu. Ndiyo maana shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, liliweka kambi Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kufundisha panya buku kukinusa.

Mafunzo huchukua miezi tisa hivi. Kwanza panya huzoeshwa mlio mdogo wa kibofyo: ukisikika, chakula kinakuja. Kisha hunusishwa TNT iliyotiwa ndani ya kichujio cha chai. Akikitambua, kibofyo kinalia, naye anapata ndizi. Baadaye kichujio hufukiwa, na mwishowe panya huingia kwenye shamba lenye mabomu halisi yaliyoondolewa viwashio. Hutembea kwenye kamba iliyoshikwa na watu wawili, huku na huku, na akinusa kitu huparua ardhi. Uzito wake, kilo moja na kidogo, hautoshi kulipua mabomu ya kawaida ya kuwalenga watu.

APOPO husema panya mmoja humaliza eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi kwa nusu saa, kazi inayoweza kumchukua mtu mwenye kifaa hadi siku nne. Sawa, ila hapo hawajahesabu kufyeka: kwenye kichaka kizito panya hafai. Na jua likipanda, kazi yake imekwisha.

Panya Magawa, mzaliwa wa Morogoro, aligundua jumla ya mabomu 71 ya ardhini huko Kambodia hadi anastaafu, na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA. Sifa alistahili, lakini panya hategui chochote. Anapoparua, mtu hurudi hapo na kifaa kilekile, akafukua na kulilipua bomu papo hapo. Kwa mchanganyiko wa watu, mashine, mbwa na panya, Msumbiji ilitangazwa kuwa huru kutokana na mabomu ya ardhini Septemba 2015.