Pasteli Laini, Mandhari na Jicho la Mchoraji wa Pili

Pasteli laini ni kijiti cha rangi kinachofinyangwa kwa poda ya rangi, ambayo wataalamu huiita pigmenti, iliyochanganywa na chaki nyeupe au udongo wa kaolini na kushikizwa kwa gundi kidogo sana, ambayo kwa desturi ni utomvu wa tragakanthi, kichaka kinachoota Iran na katika nchi zinazopakana nayo. Kwa kuwa gundi ni kidogo, rangi huachia karatasini kwa mguso hafifu na kubaki na mng'ao wa pigmenti yenyewe, ila haigandi kamwe, bali hukaa kama vumbi lililonaswa kwenye mikwaruzo midogo ya karatasi ambayo wachoraji huiita meno. Kifaa hiki kisichanganywe na pasteli ya mafuta, ambayo kampuni ya Sakura ya Japani iliitoa mwaka 1925 kwa kutumia nta na mafuta, na ambayo mara nyingi ndiyo mwanafunzi hukutana nayo kwanza shuleni. Hizo mbili zinafanana kwa umbo tu, na mazoea ya moja hayamsaidii sana mtu anayehamia kwenye nyingine.

Tofauti kubwa kati ya pasteli na rangi za maji au za mafuta ni kwamba mchoraji wa pasteli hana kibao cha kuchanganyia. Anayetumia rangi za mafuta anaweza kupata maelfu ya rangi kutoka kwenye mirija michache, ilhali anayetumia pasteli hulazimika kuchagua kijiti ambacho tayari kina rangi anayoitaka, au kupaka rangi moja juu ya nyingine hadi jicho liziunganishe. Ndiyo maana viwanda hutengeneza vijiti vya rangi nyingi kupita kiasi, na La Maison du Pastel ya Paris, ambayo historia yake inaanzia mwaka 1720, huuza zaidi ya rangi 1,000. Mchoraji wa ridhaa, yaani anayechora kwa kupenda na si kwa kutafuta riziki, kwa kawaida hana uwezo wa kuzinunua zote, wala hazihitaji, kwa sababu kinachoifanya mandhari isomeke si idadi ya rangi bali ni usahihi wa daraja la mwanga, yaani kiwango cha weupe au weusi wa kila sehemu ya picha ikilinganishwa na sehemu nyingine, bila kujali kama sehemu hiyo ni ya kijani, buluu au kahawia.

Katika karne ya 18 pasteli ilikuwa zaidi kifaa cha kuchorea nyuso za watu, na Rosalba Carriera wa Venice, ambaye alifika Paris mwaka 1720, ndiye aliyeieneza zaidi miongoni mwa matajiri wa Ulaya. Mandhari ilipata nafasi yake kubwa katika karne iliyofuata, hasa nchini Ufaransa, mikononi mwa Jean-François Millet na Eugène Boudin. Boudin, aliyezaliwa Honfleur kwenye pwani ya Normandy mwaka 1824, alichora mamia ya vipande vidogo vya anga na bahari kwa pasteli akiwa nje, na alikuwa na desturi ya kuandika pembeni tarehe, saa na hali ya upepo. Mshairi Charles Baudelaire, katika uhakiki wake wa maonyesho ya sanaa ya Paris ya mwaka 1859, alivisifu vipande hivyo na kudai kwamba hata maandishi hayo yakifunikwa, mtazamaji angeweza kubashiri majira, saa na upepo kwa kuitazama picha peke yake. Sifa hiyo inafaa kuchukuliwa kama kipimo cha kazi: mandhari iliyofaulu humwambia mtazamaji ni saa ngapi.

Boudin huyo huyo ndiye aliyemshawishi Claude Monet, wakati huo kijana wa Le Havre aliyejulikana mjini kwa vibonzo, atoke nje na kuchora mbele ya mandhari yenyewe. Baadaye wachoraji kadhaa, wakiwemo Monet, Johan Jongkind na Gustave Courbet, walikuwa wakikutana katika nyumba ya wageni ya Saint-Siméon karibu na Honfleur, wakichora pwani ile ile na miti ile ile. Mwaka 1874, kundi lililokuja kuitwa la waimpresheni lilipofanya maonyesho yake ya kwanza mjini Paris, kazi za pasteli za Monet zilizotundikwa humo zilikuwa nyingi kuliko zile za rangi za mafuta. Wachoraji wa Saint-Siméon hawakuwa wa ridhaa, lakini utaratibu wao wa watu kadhaa kukabili mandhari moja kwa wakati mmoja ndio unaowafaa zaidi wanaojifunza, na sababu yake imo katika namna jicho linavyofanya kazi.

Mkemia Michel-Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi katika karakana za mazulia ya ukutani za Gobelins, alichapisha mwaka 1839 kitabu kilichoeleza kwamba rangi haionekani peke yake bali huathiriwa na jirani yake: kijivu kikiwekwa kando ya nyeusi huonekana cheupe kuliko kilivyo, na kikiwekwa kando ya nyeupe huonekana cheusi. Mchoraji aliyekaa mbele ya karatasi yake kwa saa nzima hupotoshwa na hali hiyo bila kujua, kwani jicho limeshaizoea picha na kuona humo mambo ambayo akili inajua yapo, ingawa mkono haukuyaweka. Mchoraji wa pili, aliyekuwa ameketi hatua chache pembeni akichora mandhari hiyo hiyo, hana mazoea hayo na picha ile, wala hana haja ya kusimuliwa mandhari ilivyokuwa. Kazi tano za mahali pamoja zikipangwa ukutani na kutazamwa kwa mbali huku macho yakifinywa, ile ambayo mlima wake umechorwa kwa giza kupita kiasi hujitenga yenyewe kabla mtu yeyote hajasema neno. Picha ya simu iliyogeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe hutoa msaada unaokaribiana na huo, japokuwa kamera huelekea kuvifanya vivuli kuwa vyeusi kuliko jicho linavyoviona.

John F. Carlson, mzaliwa wa Sweden aliyefundisha uchoraji wa mandhari huko Woodstock katika jimbo la New York, aliacha kanuni inayorahisisha ulinganisho huo. Kwa maelezo yake, anga ndiyo chanzo cha mwanga na kwa hiyo huwa nyeupe kuliko vyote. Ardhi tambarare, ambayo huipokea anga moja kwa moja, huifuata. Miteremko ya vilima huwa na giza zaidi. Na vitu vilivyosimama wima, kama miti, huwa na giza kuliko vyote. Kanuni hiyo ina mipaka, na msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ataiona upesi, kwa kuwa mchanga mweupe wa matumbawe wakati wa adhuhuri unaweza kung'aa kuliko anga iliyo juu yake. Kanuni ya pili inahusu umbali. Hewa hutawanya mwanga wa buluu zaidi kuliko mwekundu, na kwa hiyo kadiri kitu cheusi kilivyo mbali ndivyo kinavyozidi kuwa cheupe na cha buluu, jambo linaloufanya msitu wa mlimani uonekane wa kijivu-buluu hata kama kila anayeutazama anajua kuwa ni wa kijani. Hapa ndipo wanaoanza hukosea zaidi: huchukua kijiti cha kijani kwa sababu wanajua miti ni ya kijani, ilhali kilichohitajika ni kijiti cha kijivu-buluu.

Saa ya kuchora pamoja nayo ni ya kukubaliana mapema. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, hivyo mwanga wa jioni wenye vivuli virefu hupita haraka kuliko ule wa kiangazi cha Normandy, na pasteli, isiyosubiri kitu kukauka, inalingana vyema na uharaka huo. Dakika za mwanzo zitumike kuweka maumbo makubwa matatu au manne kwa ubavu wa kijiti, giza kwanza na weupe mwishoni, bila kusugua kwa vidole, kwa sababu kusugua kila mahali hujaza meno ya karatasi na kuiacha picha imefifia kama kioo chenye ukungu.

Kuhusu vumbi, baadhi ya pigmenti, hasa za kadimiamu, zina sumu, hivyo vumbi lisipulizwe kwa mdomo bali karatasi iinamishwe na kugongwa, na mikono ioshwe kabla ya kula. Dawa ya kukazia hupunguza kumomonyoka lakini huzidisha giza la rangi nyepesi, kwa hiyo wengi huiepuka kwenye tabaka la mwisho na kuilinda picha kwa kioo kisichoigusa. Vijiti vilivyochafuka husafishwa kwa kuvizika katika mchele mkavu, ambao hautafaa tena kupikwa.

Vikundi vya wachoraji wa ridhaa vinaweza kufifia wanachama wakigeuza mikutano kuwa mahali pa kusifiana, na sifa zisizo na ulinganisho hazimwonyeshi mtu mlima wake umekosea wapi. Kikundi kinachoanza kinashauriwa kinunue sanduku moja la pamoja kabla ya kila mtu kununua lake, na kitafute kwanza vijiti vyenye giza vya buluu, zambarau na kahawia, kwa kuwa seti nyingi za bei nafuu hujaa rangi nyepesi, na pasipo giza la kulinganisha nalo hakuna mwanga unaoweza kuonekana karatasini.