Mashine Pepe kama Chombo cha Ushahidi: Kuendesha na Kuusoma Mfumo Endeshi wa Plan 9

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mtafiti anavyoweza kuendesha Plan 9, mfumo endeshi usiojulikana na wengi, ndani ya mashine pepe, na namna anavyopaswa kukifasiri kile anachokiona. Hoja kuu ni kwamba kinachojitokeza kwenye skrini ya mashine pepe huweza kutokana na matabaka matatu: mfumo wenyewe, mashine pepe inayoubeba, na mpangilio aliouchagua mtafiti. Uchunguzi huwa ushahidi pale tu tabaka lililouzaa linapojulikana. Makala yanaeleza hatua za usimikaji, yanachambua mifano ya kila tabaka, na yanapendekeza mambo ambayo tasnifu inapaswa kuyaripoti.

1.0 Utangulizi

Plan 9 ilibuniwa katika maabara za Bell Labs, Murray Hill, New Jersey, kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1980. Miongoni mwa wabunifu wake walikuwamo Ken Thompson, ambaye awali alishiriki kuunda Unix, pamoja na Rob Pike na Dave Presotto. Jina lake limetoholewa kutoka filamu ya Ed Wood. Mfumo huu ulitolewa kwa vyuo vikuu mwaka 1992, ukauzwa kwa umma mwaka 1995, ukatolewa kwa leseni huria mwaka 2000, na toleo lake la nne likatoka mwaka 2002. Mwaka 2021 kampuni ya Nokia, iliyokuwa imeirithi Bell Labs, ilikabidhi haki zake kwa Plan 9 Foundation. Tangu mwaka 2011, tawi liitwalo 9front limeendelea kuuhuisha ili ufanye kazi katika kompyuta za sasa.

Watumiaji wake ni wachache, lakini mawazo yake yameenea mbali. Usimbaji wa UTF-8, unaobeba maandishi mengi ya intaneti leo, ulibuniwa na Thompson na Pike mwezi Septemba 1992 kwa ajili ya mfumo huu. Itifaki yake ya 9P hutumika ndani ya programu ya QEMU kushirikishana faili kati ya mfumo mwenyeji na mfumo mgeni. Vilevile, wazo la kila mchakato kuwa na uwanja wake wa majina liliingia katika Linux mwaka 2002, na leo ni mojawapo ya nguzo za teknolojia ya kontena.

Kwa sababu hiyo, mtafiti wa historia au usanifu wa mifumo endeshi hawezi kuipuuza Plan 9. Njia iliyo karibu zaidi naye ni mashine pepe, kwani haihitaji kununua kompyuta ya pili wala kufuta mfumo alio nao. Hata hivyo, urahisi huo una gharama. Mtafiti anaweza kuandika kwamba Plan 9 haiwezi kuunganisha kompyuta mbili, kwamba ni nzito, au kwamba haihifadhi historia ya faili, ilhali alichokishuhudia ni kadi ya mtandao iliyopangwa vibaya. Dai la namna hiyo likishaingia katika tasnifu na kunukuliwa, ni vigumu kuliondoa. Makala haya yanalenga kuzuia kosa hilo kabla halijatokea.

2.0 Dhana ya Mashine Pepe

Mashine pepe ni kompyuta isiyo na umbo lake la chuma: programu huunda prosesa, kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao, kisha mfumo mgeni ukaendeshwa humo kana kwamba uko kwenye kompyuta halisi. Wazo hili lilikuwapo tayari katika kompyuta kubwa za IBM za miaka ya 1960. Msingi wake wa kinadharia uliwekwa na Popek na Goldberg (1974), walioainisha sifa tatu: programu iendeshwe sawasawa na inavyoendeshwa katika mashine halisi, sehemu kubwa ya maagizo yake itekelezwe moja kwa moja na prosesa, na msimamizi wa mashine pepe awe na udhibiti kamili wa rasilimali.

Jambo ambalo mara nyingi husahaulika ni kwamba sifa ya kwanza ina mipaka iliyotajwa na waandishi wenyewe. Usawa huo hauhusishi muda wa utekelezaji wala kiasi cha rasilimali kinachopatikana. Kwa maneno mengine, hata nadharia yenyewe haiahidi kwamba kasi inayoonekana ndani ya mashine pepe ni kasi ya mfumo. Kwa prosesa za kompyuta za mezani, msaada wa maunzi kwa kazi hii uliletwa na Intel mwaka 2005 na AMD mwaka 2006. Msaada huo usipowashwa, programu kama QEMU hulazimika kutafsiri maagizo ya mgeni, na kasi hushuka sana.

3.0 Usanifu wa Plan 9 kwa Ufupi

Plan 9 imejengwa juu ya kanuni tatu. Kwanza, takribani kila rasilimali huwakilishwa kama faili ndani ya saraka. Ili kufungua muunganisho wa TCP, kwa mfano, programu hufungua faili la clone katika saraka ya /net/tcp, husoma humo namba ya muunganisho, huandika anwani katika faili la ctl la muunganisho huo, kisha hupitisha maudhui katika faili la data. Pili, faili hizo hufikiwa kwa itifaki moja, yaani 9P, ziwe ndani ya kompyuta ileile au katika kompyuta ya mbali. Tatu, kila mchakato waweza kuwa na uwanja wake wa majina, yaani mpangilio wake binafsi wa saraka na faili unazoziona.

Kanuni hizi zikiunganishwa huzaa mfumo uliotawanywa. Wabunifu hawakukusudia kompyuta moja ijitosheleze. Walikusudia majukumu yagawanywe: kituo cha mtumiaji chenye skrini na kibodi, seva ya ukokotozi yenye prosesa zenye nguvu, seva ya faili inayotunza kumbukumbu za wote, na seva ya uthibitishaji inayotambua nani ni nani. Mtumiaji anapoingia katika seva ya ukokotozi, rasilimali za kituo chake humfuata huko chini ya saraka ya /mnt/term. Hivyo programu inayoendeshwa mbali huchora kwenye skrini iliyo mbele yake na kusoma faili zilizo kwenye kituo chake.

4.0 Utaratibu wa Usimikaji

Kwa utafiti wa kawaida, tawi la 9front linafaa zaidi, kwa kuwa lina viendeshi vya vifaa vya virtio, yaani diski na kadi za mtandao zilizobuniwa mahususi kwa mashine pepe. Mashine pepe yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1 na diski ya gigabaiti 10 hutosheleza jaribio la awali. Diski hiyo huundwa kama faili ndani ya mfumo mwenyeji, na katika muundo wa qcow2 faili hilo hukua kadiri linavyojazwa.

Mashine ikiwashwa kwa picha ya usimikaji, mfumo huuliza maswali machache, likiwamo jina la mtumiaji, ambalo kwa chaguo-msingi ni glenda, pamoja na ukubwa wa skrini. Kisha hutokea rio, mfumo wa madirisha. Amri ya inst/start huanzisha usimikaji, unaopita katika hatua za kuchagua aina ya mfumo wa faili, kugawa diski, kupanga mtandao, kunakili faili, na kuandaa uwashaji. Kuhusu mfumo wa faili, hjfs hufaa kwa diski ndogo, ilhali cwfs hufaa kwa seva ya kudumu.

Mambo mawili ya kiutendaji yanastahili kutajwa. Plan 9 hutegemea kipanya chenye vitufe vitatu, na vyote vina kazi, hasa katika kihariri cha acme ambamo vitufe hubonyezwa kwa pamoja kukata na kubandika maandishi. Aidha, mashine isizimwe kwa kufunga dirisha la QEMU. Amri ya fshalt hutumika kwanza ili yaliyomo kwenye kumbukumbu yaandikwe katika diski.

5.0 Matabaka Matatu ya Uchunguzi

5.1 Yatokanayo na Mashine Pepe

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mtandao. QEMU, isipoelekezwa vinginevyo, humpa kila mgeni mtandao wake wa ndani na anwani ya 10.0.2.15. Mgeni huweza kufika nje, lakini wageni wawili hawaonani, na hakuna anayeweza kuwafikia kutoka nje bila lango kufunguliwa mahususi. Mtafiti akiwasha mashine pepe mbili za Plan 9 kwa namna hii, zote zitakuwa na anwani moja, na kila jaribio la kuziunganisha litashindikana. Hata akizihamishia kwenye mtandao wa pamoja, QEMU huzipa kadi zote mbili anwani ileile ya maunzi, yaani 52:54:00:12:34:56, mpaka atakapoibadilisha mwenyewe. Kwa kuwa hifadhidata ya mtandao ya Plan 9 huweza kuitambua kompyuta kwa anwani hiyo ya maunzi, mkanganyiko huzidi. Hakuna lolote kati ya haya lililo kasoro ya Plan 9.

5.2 Yatokanayo na Mpangilio wa Mtafiti

Mashine pepe moja huyakusanya majukumu yote manne katika kompyuta moja. Matokeo yake ni kwamba kile kilichoifanya Plan 9 iwe tofauti hakionekani, na mfumo hufanana na Unix yenye madirisha ya ajabu. Anayetaka kuuchunguza usanifu huo anahitaji angalau mashine pepe mbili: ya kwanza ikiwa seva ya faili, uthibitishaji na ukokotozi, na ya pili ikiwa kituo cha mtumiaji. Katika mpangilio huo mtafiti huweza pia kuiazima saraka ya /net ya kompyuta moja na kuitumia katika nyingine, programu zikatoka nje kupitia mtandao wa kompyuta ya mbali bila kubadilishwa hata kidogo.

Mpangilio wa muda nao una athari. Seva ya faili ya Plan 9 ilikusudiwa iwake daima, na katika Bell Labs ilihifadhi nakala ya hali ya faili zote kila siku saa 11 alfajiri. Nakala hizo husomwa kwa tarehe, na mtumiaji huweza kulirejesha faili la jana kwa kulinakili tu. Mtafiti anayewasha mashine pepe yake saa mbili kila jioni kisha akaizima huenda asiikute nakala hata moja, akahitimisha kwamba sifa hiyo imekufa. Ukweli ni kwamba hakuwapo ilipopaswa kutendeka.

5.3 Yatokanayo na Mfumo Wenyewe

Tabaka hili ndilo linalotafutwa, na mfano wake mzuri unagusa Kiswahili. Kiswahili cha herufi za Kilatini, katika UTF-8, huchukua baiti 1 kwa kila herufi. Kiswahili cha herufi za Kiarabu, pamoja na herufi za nyongeza kama zile za sauti p, ch na v, huchukua baiti 2 kwa kila herufi. Faili la maandishi hayo likiingizwa Plan 9 na kutolewa, baiti zake hubaki vilevile. Lakini likifunguliwa kwenye skrini, herufi hupangwa kutoka kushoto kwenda kulia, tena moja moja bila kushikana, kwa sababu mfumo huchora kila herufi peke yake kwa mfuatano wa uhifadhi.

Je, hili nalo latokana na mashine pepe? Njia ya kujua ni kubadilisha tabaka moja kwa wakati. Programu ya mashine pepe ikibadilishwa, tokeo hubaki. Mpangilio wa mtandao ukibadilishwa, tokeo hubaki. Msimbo chanzo, unaopatikana ndani ya mfumo wenyewe katika saraka ya /sys/src, huthibitisha kwamba taratibu za uchoraji hazina hatua ya kugeuza mwelekeo wala kuunganisha herufi. Hapo mtafiti ana haki ya kusema: mfumo uliozaa UTF-8 ulitatua tatizo la kuhifadhi maandishi ya lugha zote, lakini haukutatua tatizo la kuyaonyesha yote ipasavyo. Hilo ni dai linaloweza kutetewa mbele ya mtahini.

6.0 Mapendekezo kuhusu Uripoti

Tasnifu inayotumia mashine pepe kama chombo cha ushahidi inapaswa kutaja toleo la mfumo mgeni, programu ya mashine pepe na toleo lake, kama msaada wa maunzi uliwashwa, idadi ya mashine na jukumu la kila moja, aina ya mtandao, na muda ambao seva ya faili iliwaka. Vipimo vya kasi visitumike kuupima mfumo mgeni peke yake. Aidha, kila dai la kwamba mfumo hauwezi kufanya jambo fulani liambatane na maelezo ya tabaka zilizobadilishwa kabla ya kulifikia.

7.0 Hitimisho

Mashine pepe imeifanya Plan 9 ifikiwe na yeyote mwenye kompyuta ya kawaida, na bila hiyo wengi wangeusoma mfumo huu katika machapisho tu. Hata hivyo, kuendesha si sawa na kuelewa. Chombo kinachotuwezesha kuuona mfumo ndicho pia kinachoweza kuupotosha, na mtafiti ndiye mwenye wajibu wa kutenganisha sauti ya mfumo na mwangwi wa chombo. Kanuni hii yahusu mfumo wowote wa zamani au adimu unaofufuliwa kwa njia hii: swali la kwanza lisiwe mfumo umefanya nini, bali ni tabaka lipi lililofanya.