Jina Lisilopatikana: Makosa ya Kiunganishi katika Programu za Ramani

Mtaalamu anayechora kwa kompyuta ramani ya wilaya za Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, iwe ya machimbo ya koltani ya Rubaya au ya eneo la afya la Pinga, ambako Ebola ilithibitishwa mwezi Agosti 2019, mara nyingi huandika maagizo yake kwa Python au R, ambazo ni lugha za skripti, yaani lugha ambazo maagizo yake hutekelezwa na programu nyingine bila kugeuzwa kwanza kuwa msimbo wa mashine. Hesabu nzito, hata hivyo, hufanywa na maktaba zilizoandikwa kwa C na C++: GDAL, iliyoanzishwa na Frank Warmerdam mwaka 1998, husoma faili za ramani na picha za setilaiti, na PROJ hugeuza nyuzi za latitudo na longitudo kuwa mita, ambazo kwa wilaya hizo mbili hupimwa katika ukanda wa UTM wa 35 Kusini. Kipande cha msimbo kinachoiwezesha Python kuziita maktaba hizo huitwa kiendelezi.

Kiendelezi hujengwa kwa hatua mbili. Kompaila hugeuza kila faili kuwa msimbo wa mashine, na pale inapoitwa kazi (function) iliyoandikwa kwingine huacha jina tupu. Kisha kiunganishi hutafuta katika maktaba mwenye kila jina. Kikikosa, kwa kawaida ujenzi husimama, na mstari wa mwisho wa ujumbe husema tu kwamba kiunganishi kimeshindwa, ilhali sababu imo katika mistari iliyotangulia, ndiyo maana anayesoma mwisho peke yake hupoteza siku nzima bure.

Ujumbe «cannot find -lgdal» humaanisha kwamba maktaba yenyewe haikuonekana, jambo linaloshangaza wengi ambao tayari wana GDAL inayofanya kazi. Katika Debian na Ubuntu, kifurushi cha kuendeshea programu huleta faili yenye namba ya toleo mwishoni mwa jina lake, lakini kiunganishi hutafuta libgdal.so isiyo na namba, ambayo huja na kifurushi cha libgdal-dev. Ujumbe «undefined reference», unaotokea hasa programu kamili inapounganishwa, ni tofauti: maktaba inayohitajika haikutajwa, au imetajwa kabla ya faili zinazoihitaji, na kwa kuwa kiunganishi husoma kutoka kushoto kwenda kulia, huenda kikaiacha kwa kuiona haina mwitaji. Pengine kazi ya C imetangazwa ndani ya C++ bila extern "C", na kompaila ikalirefusha jina lake kwa kuongeza aina za vigezo; amri ya c++filt huyarudisha majina kama hayo katika umbo linalosomeka.

Kosa linalosumbua zaidi hutokea baada ya ujenzi kufaulu. Katika Linux, kiendelezi, tofauti na programu kamili, huruhusiwa kubaki na majina yasiyo na mwenyewe, kwa sababu yale ya Python hujazwa kinapopakiwa, hivyo jina la GDAL lililosahauliwa hupita pamoja nayo na kudhihirika mtumiaji anapokiita. Hapo amri ya ldd huonyesha maktaba zinazopakiwa na zisizoonekana, na nm -D huonyesha majina yaliyomo katika kila moja. Tofauti za matoleo nazo huzaa kosa hilohilo: PROJ 8, iliyotoka mwaka 2021, iliondoa kazi za zamani ambazo programu nyingi zilikuwa bado zinaziita.

Pale intaneti inapokuwa dhaifu, ni busara zaidi kutojenga kabisa. Viendelezi vya ramani kama rasterio na pyproj hutolewa pia vikiwa vimekwisha kujengwa, maktaba zake zikiwa ndani, na vinaweza kupakuliwa Goma kwa pip download, kubebwa katika flashi na kusakinishwa kijijini kwa pip install --no-index --find-links. Sharti ni kwamba toleo la Python, mfumo endeshi na aina ya kichakataji vilingane na vya kompyuta ya huko, na wakati wa kupakua iongezwe --only-binary=:all:, ili pip ikatae mapema, mtandao ungalipo, badala ya kuleta msimbo ghafi utakaohitaji kiunganishi.