Poinsetia na Taa ya Lindo

Askari aliyepata kushika zamu katika nyanda za juu za Burundi, iwe Gitega au Muyinga, huenda ameuona mmea wa poinsetia: kichaka ambacho majani yake ya ncha hugeuka mekundu kama damu, hali ya chini yangali ya kijani. Wengi hudhani yale mekundu ni maua. Sivyo, maua yenyewe ni vile vitufe vidogo vya manjano vilivyo katikati.

Asili ya mmea huu ni Mexico. Joel Poinsett, mjumbe wa serikali ya Marekani nchini humo, aliupeleka kwao katika miaka ya 1820, na jina lake likabaki nao. Ni jamaa wa mnyaa, ule unaopandwa kuwa uzio wa maboma.

Sasa, ndugu mlinzi, kuna lalamiko moja: kichaka kilicho kando ya lango hakigeuki rangi, ilhali mwenzake nyuma ya jiko amekwisha iva. Watu hulaumu udongo, hulaumu mbolea. Wa kulaumiwa ni taa. Poinsetia huhesabu urefu wa giza, na giza likikatizwa, huona kwamba mchana haujaisha. Wakulima wa Ulaya wautakao wekundu kabla ya wakati wake huufunika mmea kwa kitambaa cheusi, apate giza la saa 14 kila usiku kwa majuma manane hivi. Muyinga iko chini kidogo ya nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Usiku wa Juni huko huuzidi ule wa Desemba kwa dakika 20 hivi tu. Akiba hiyo ni ndogo, na taa iwakayo hadi alfajiri yatosha kuifuta. Taa ya lindo haizimwi kwa ajili ya pambo. Basi na uhamishwe mmea, upate jua mchana na giza kamili usiku.

Poinsetia iliyoachwa hurefuka hata mita 3 au zaidi, ikawa miguu mitupu yenye kishungi juu. Tena humzuia mlinzi kuona njia. Majani mekundu yakiisha kupukutika, ikate ibaki kimo cha goti. Mvua zirudipo mwezi Septemba, chipukizi zikitoa majani matano, zivunje ncha ili kichaka kitanuke. Kuanzia Machi weka mkasi chini: wekundu hutokea nchani, na akataye mwezi Mei huukata wekundu wake mwenyewe.

Vijiti vilivyokatwa si vya kutupa. Chagua vilivyokomaa, vya urefu wa shubiri moja, uviache utomvu ukauke, kisha uvichomeke mahali pasipotuama maji.

Utomvu huo mweupe huwasha ngozi na kuchoma macho. Mkataji na anawe kwa sabuni kabla ya kujigusa uso.