Kabla Hujasema "Chapa!"

Fulana, kofia, vikombe, kalenda na khanga zenye nembo zinaweza kuifikisha biashara yenu mitaa msiyoijua. Zinaweza pia kuwanunisha watu wawili wanaolala kitanda kimoja. Soma kwanza, kisha ndiyo mtoe oda.

Chini ya kitanda chetu pale Sinza kulikuwa na maboksi matatu ya fulana. Kila mke wangu akifagia, fagio linagonga maboksi. Kila likigonga, mimi najifanya sijasikia.

Mpenzi msomaji, hebu nikupe mkasa wenyewe. Mke wangu anaoka keki: za harusi, za kipaimara, za bethidei. Mimi ni mtu wa ofisini, ila jioni na wikiendi ndiye mpeleka keki na mtunza hesabu. Biashara ilipoanza kuchangamka tukaona sasa tujitangaze. Yeye alipokea pesa ya mchezo, zamu yake ilikuwa imefika. Akasema, "Baba, tununue vifuko vya kitambaa, mteja abebee keki yake." Mimi nikasema hapana, fulana ndiyo mpango mzima, watu watatembea nazo mjini. Nikashinda. Tukatoa oda ya fulana 200.

Mchapaji akanitumia sampuli kwenye simu nikiwa katikati ya kikao. Nikaitupia jicho, nikaona nembo imekaa bomba, nikajibu: "Poa, chapa." Fulana zilipofika, namba ya simu ilikuwa na kosa la tarakimu moja. Yaani waliotaka keki walikuwa wanampigia mzee mmoja wa Mbeya, mstaarabu kwelikweli, ambaye hajawahi kuoka hata andazi.

Nilimwambia mke wangu kuwa mchapaji kakosea. Hiyo haikuwa kweli, na nitairudia huko mbele. Kwanza tuzungumze yale ambayo natamani mtu angeniambia kabla ya siku ile.

ATAITUMIA NANI, NA WAPI?

Zawadi yenye nembo ni tangazo linalolipiwa mara moja na kufanya kazi kila linapotumika. Kwa hiyo swali la kwanza si "bei gani?" bali ni "mtu atakuwa nayo wapi?" Kalenda ya ukutani inakaa dukani au saluni mwaka mzima, na kila anayesubiri kusukwa anaisoma. Kikombe kinakaa mezani ofisini. Kalamu inaazimwa, hairudi, na huko iendako inaendelea kutangaza jina.

Fulana ina masharti yake. Watu hawaivai kwa sababu ya nembo yako, wanaivaa kwa sababu ni nzuri. Kitambaa hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Fulana ya gramu 120 ni nyepesi, ukiinyoosha kwenye mwanga unaona upande wa pili. Ya gramu 180 ina uzito, inastahimili kufuliwa. Ukigawa fulana 200 nyepesi, nyingi zitaishia kudekia. Bora 60 nzuri ambazo mtu atavaa Jumamosi akienda kwa shemeji yake.

Na vile vifuko vya mke wangu? Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na Kenya ilitangulia Agosti 2017. Tangu hapo mfuko mzuri wa kitambaa haukai kabatini. Unaenda sokoni, unaenda kazini, unapanda daladala. Mama alikuwa sahihi tangu mwanzo.

KILA KITU NA NJIA YAKE YA KUCHAPA

Hapa ndipo wengi tunapopigwa, na mara nyingi hatupigwi na mtu, tunapigwa na kutojua.

Njia ya skrini ndiyo kongwe. Kila rangi inatengenezewa wavu wake wa kupitishia wino. Gharama kubwa ipo kwenye kuandaa hizo skrini, si kwenye kuchapa. Ndiyo maana fulana 10 kwa skrini ni ghali na fulana 300 ni nafuu. Ndiyo maana pia nembo ya rangi nne ina gharama kuliko ya rangi moja. Wino ukikaushwa vizuri kwa joto, fulana itachoka kabla ya nembo.

Njia ya pili ni sablimesheni, ile inayotumika sana kwenye vikombe. Wino unapata joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi, unageuka mvuke na kuingia ndani ya kitu chenyewe. Ila sikiliza: inashika kwenye poliesta ya rangi nyeupe au nyepesi, na kwenye vikombe vilivyopakwa dawa maalumu. Kwenye pamba inafifia na kuondoka. Ukiambiwa fulana ya pamba nyeusi itafanyiwa sablimesheni, uliza tena.

Ya tatu ni karatasi au filamu ya kubandika kwa pasi kubwa. Inafaa kwa oda ndogo na picha zenye rangi nyingi. Filamu nzuri inadumu, karatasi ya bei chee inapasuka kama ardhi ya kiangazi baada ya kufuliwa mara chache.

Ya nne ni kudarizi kwa mashine. Kwa kofia na fulana za kola haina mpinzani, maana uzi haubanduki. Bei inafuata wingi wa mishono, kwa hiyo nembo kubwa iliyojaa ni pesa ndefu. Na maandishi madogo sana uzi hauyawezi, yanageuka kidudu.

NEMBO YAKO IKO KWENYE FAILI GANI?

Picha ya nembo iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp imeshabanwa na kupoteza ubora. Kwenye simu inang'aa, kwenye bango inatoka na ukungu. Aliyekuchorea nembo akupe faili ya vekta, ile inayoweza kukuzwa hadi ukubwa wa lori bila kuharibika. Ukilipia nembo, hakikisha unakabidhiwa na faili. Idai siku hiyohiyo, kabla mbunifu hajabadilisha namba.

Rangi nayo ni mtihani. Simu na kompyuta huonyesha rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu. Mashine nyingi za karatasi huchapa kwa wino wa rangi nne: bluu ya samawati, pinki iliyokolea, njano na nyeusi. Ndiyo maana lile chungwa linalowaka kwenye skrini linakuja limepoa kwenye kadi. Kama rangi ndiyo utambulisho wenu, taja namba yake ya Pantone, mfumo unaotumika tangu 1963 ili wachapaji wote wazungumzie rangi ileile moja.

Jambo jingine. Kusajili jina la biashara BRELA hakukulindii nembo. Alama ya biashara husajiliwa peke yake, na Zanzibar ina usajili wake tofauti na wa Bara. Kabla hujaimwaga nembo mjini kwenye vikombe 500, hakikisha si ya mtu mwingine.

KHANGA, TANGAZO LETU LA ZAMANI

Huku kwetu kugawa kitu chenye ujumbe hakukuletwa na maofisi. Khanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yale maandishi ya chini yanayosema kile ambacho mdomo unaona haya kukisema. Kampeni za siasa, sikukuu za taifa, vikundi vya akina mama, vyote vimepita kwenye khanga. Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani mwaka 2008, naye alitiwa kwenye khanga.

Uzuri wake ni kwamba haitupwi. Itafungwa kiunoni, itabebea mtoto, itatandikwa. Ila iheshimu: ukijaza namba tatu za simu na ramani ya ofisi, hakuna atakayeivaa msibani wala shughulini. Nembo ndogo, jina zuri, inatosha. Na kiwanda hakiwashi mashine kwa doti kumi, hivyo hii ni ya oda kubwa.

KABLA YA KUTOA ADVANSI

• Omba sampuli halisi ya kushika mkononi. Ifue mara mbili, ipige pasi, iangalie.
• Piga namba ya simu iliyo kwenye sampuli. Usiisome tu, ipige!
• Watu wawili wasome kila neno, tena mmoja asome kwa sauti.
• Andikianeni: idadi, saizi, kitambaa, rangi, siku ya kukabidhi, na nani anabeba hasara kosa likitokea. Dai risiti.
• Msitoe oda dakika za mwisho. Sabasaba, Nanenane, uchaguzi na Desemba ya kalenda, wachapaji wanakuwa wamezidiwa.

NA YALE MABOKSI?

Miezi minne nilimwachia mchapaji lawama. Siku moja mke wangu akaniambia anakwenda kudai fidia, akaomba nimwonyeshe meseji tulizoandikiana naye. Nikakaa kitandani. Nikampa simu. Akasoma lile "Poa, chapa" langu, akaangalia saa ya ujumbe, akairudisha simu bila neno.

Kilichomuuma haikuwa pesa ya mchezo, ingawa nayo ilimuuma. Aliniambia, "Mimi nimekuwa namchukia mtu wa watu bure." Kesho yake tulikwenda pamoja kwa yule mchapaji, nikamwomba radhi. Akatushauri tufunike namba kwa kubandika nembo nyingine juu yake. Fulana 110 zikaokoka. Zilizobaki ndizo ninazolalia.

Mwaka huu tumechapisha vifuko 100 vya kitambaa, rangi moja, kwa skrini. Namba aliipiga yeye mwenyewe kutoka kwenye sampuli. Simu yake ikaita palepale mezani, sote tukacheka. Kisha akanigeukia, akasema, "Haya Baba, sasa waambie wachape."